Tungi la kunasa oili: ganda zuri, tumbo tupu

Tungi la kunasa oili, ambalo mafundi wengi hulijua kwa jina la kechikeni, huuzwa kwa sura mbili. Ya kwanza ni tungi la jumla: mkebe wa mviringo wa alumini wa nusu lita hivi, midomo miwili juu, kichungi kidogo cha hewa kichwani, bomba la plastiki pembeni la kuonyesha kiwango, na boliti ya kumwagia chini. Halichagui gari. Ya pili ni seti iliyobuniwa kwa injini moja, ikapelekwa kwa wapenzi wa injini hiyo ikiwa bado mfano wa majaribio, ikarekebishwa kwa maoni yao, ndipo ikatengenezwa kwa wingi. Tathmini hii inagusa zote mbili, maana ya pili mara nyingi huzaliwa na ya kwanza. Mtu hununua tungi la jumla, huona halinasi kitu cha maana, hulifungua kifuniko, na hapo ubunifu unaanza.

Hukumu ya tungi la jumla ni fupi. Alumini yake inatosha, ujazo wake unatosha, bracketi yake kwa kawaida inafaa kutupwa, na ndani hakuna kitu. Likifungwa kama lilivyotoka kwenye boksi huongeza viungo vya kuvuja bila kupunguza oili inayofika kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa. Likifanyiwa kazi ya nusu siku, hukaribia sana yale ya bei kubwa.

Kazi yenyewe

Mwako unaposukuma pistoni chini, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya ringi na kuingia krankikesi, sehemu ya chini ya injini. Humo hukutana na oili inayorushwa na krankishafti, na inapotafuta njia ya kutoka huwa imebeba mvuke wa maji, petroli isiyoungua na ukungu wa oili. Ikizuiwa, shinikizo hupanda na oili hujitafutia mlango: sili ya nyuma ya krankishafti, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), hata kijiti cha oili kinachopaishwa kutoka kwenye bomba lake. Zamani gesi hiyo ilimwagwa tu hewani. Valvu ya PCV, iliyoanza kuwekwa kwenye magari mapya ya California mwaka 1961, huirudisha kwenye manifoldi ikaungue upya.

Kwa hewa tunayovuta hilo ni jambo jema, na halifai kuondolewa. Kwa injini lina gharama yake. Oili hupaka throtoli, hutulia chini ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), na huganda kuwa masizi kwenye shina za valvu za kuingiza. Injini ambayo nozeli zake hupulizia petroli nyuma ya valvu hujiosha yenyewe kwa kiasi fulani. Ile inayopulizia moja kwa moja ndani ya silinda haina msaada huo, na ndiyo inayonufaika zaidi na tungi. Injini ya tabo, pampu inayosukuma hewa ya ziada kwenye silinda, ikisukumwa sana ina sababu nyingine: ukungu wa oili ukichanganyika na hewa hupunguza uwezo wa petroli kuhimili kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda.

Kinachopaswa kusemwa kabla ya mtu kutoa pesa ni kwamba tungi halitibu ringi zilizokwisha. Injini inayojaza tungi kwa safari chache inahitaji kupimwa kompresheni na kupimwa uvujaji wa silinda. Tungi kubwa zaidi halitaiokoa.

Tumbo

Ukifungua tungi la jumla, mara nyingi utakuta mdomo wa kuingia na wa kutoka vimepakana juu, umbali wa sentimita chache, bila kizuizi chochote katikati. Gesi huingia, hukata kona, hutoka. Matone makubwa hudondoka kwa uzito wake. Ukungu hupita.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini ganda lenyewe halina kosa. Chukua mtiririko wa lita 60 kwa dakika, yaani lita 1 kwa sekunde. Kwenye mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, gesi hiyo hukimbia karibu mita 12.7 kwa sekunde. Ikifika kwenye tungi lenye kipenyo cha ndani cha milimita 70, njia inakuwa pana mara 49 na mwendo hushuka hadi sentimita 26 hivi kwa sekunde. Tungi hilo likiwa na kina cha milimita 130 lina ujazo wa nusu lita, kwa hiyo gesi inapata nusu sekunde ya kukaa ndani. Utulivu huo huangusha oili nyingi, kwa sharti kwamba gesi inalitumia tungi zima. Midomo ikipakana, gesi hupita njia ya mkato na ile nusu sekunde inabaki kwenye karatasi.

Marekebisho ni matatu. La kwanza ni bomba la kushusha gesi: kipande cha alumini au shaba chenye kipenyo sawa na mdomo wa kuingia, kinachoshuka hadi nusu ya kina. Gesi hulazimika kwenda chini, kugeuka, na kupanda tena. Inapogeuka, matone mazito hushindwa kugeuka nayo na kupiga ukuta.

La pili ni wavu. Tumia wavu wa kufumwa wa chuma kisichoshika kutu, daraja la 304, unene wa milimita 30 hivi ukiwa umebanwa kati ya bamba mbili zenye matundu, juu ya njia ya gesi inayopanda. Ukungu hugonga nyuzi, hushikamana, hugeuka tone, tone huwa zito na kuanguka. Watu hujaza sufi ya chuma ya kusugulia sufuria kwa sababu iko karibu. Hiyo ni hatari ya kweli: maji yaliyomo kwenye gesi huiozesha kwa kutu, nyuzi zake hukatika, na upande wa pili wa tungi ni njia ya kuelekea kwenye silinda. Kosa la pili ni kushindilia wavu hadi pumzi ikate. Ukiweka mdomo kwenye nipeli na kupuliza, hewa ipite bila kukaza mashavu. Vichungi vya shaba nyeusi iliyogandishwa kwa chembe, vile vinavyofanana na vya kompresa, hunasa vizuri vikiwa vipya, lakini uji wa oili na maji huviziba, na dalili ya kuziba huonekana kwenye sili za injini kabla ya kuonekana kwenye tungi.

La tatu ndilo husahaulika na ndilo linalotenganisha mbunifu makini na mwingine: bamba la chini. Ni duara la alumini la milimita 2, lenye matundu ya milimita 5 au 6, likikaa milimita 30 juu ya sakafu ya tungi. Kazi yake ni kutenga dimbwi la oili na gesi inayopita. Bila bamba hilo, gari likikata kona au likifunga breki kwa nguvu, oili hupanda ukuta, hukutana na gesi, hubebwa upya. Hapo tungi lenye oili ndani hufanya kazi vibaya kuliko lililo tupu. Na hesabu ya bamba inafichua jambo ambalo maandishi ya boksi hayasemi: katika tungi letu la nusu lita, nafasi iliyo chini ya bamba ni mililita 115 tu. Huo ndio ujazo wa kutumika. Ukipita hapo, unamwaga.

Hata likitengenezwa hivyo, tungi halinasi kila kitu. Chembe ndogo kuliko mikroni 1 ni nyepesi mno, hufuata gesi kila inapokunja, na wavu wa kawaida hauzikamati zote. Tangazo linaloahidi manifoldi kavu kabisa halistahili kuaminiwa.

Kichungi cha kichwani, bomba la pembeni, mipira

Kile kichungi kidogo kilicho juu ya tungi la jumla kinafaa kwa gari la mashindano lisilo na sheria za moshi. Kwenye gari la barabarani kinaharibu mambo kwa njia mbili. Tungi likiwa kati ya PCV na manifoldi, injini hufyonza hewa kupitia hapo bila sensa ya hewa kuijua. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi kuliko petroli, sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) hupanda na kushuka, na kompyuta huandika msimbo P0171 wa hewa kuzidi, wakati mwingine P0507 wa sailensa kuwa juu. Tungi likiachwa wazi bila kurudishwa kwenye njia ya hewa, harufu ya petroli na oili huingia ndani ya gari, na sehemu nyingi za dunia ni kosa la kisheria. Ondoa kichungi, ziba tundu kwa plagi ya thredi yenye oringi.

Bomba la plastiki la pembeni nalo liondoke. Joto hulifanya ligeuke njano, ligumu, kisha linyufuke, na ufa wowote upande wa mfyonzo ni hewa ya ziada. Dirisha la polikaboneti linavutia kwenye picha, lakini mvuke wa petroli huliletea nyufa ndogo ndogo. Kijiti kifupi kilichofungwa kwenye plagi ya juu, chenye oringi, hufanya kazi hiyo kwa miaka.

Mipira inayokuja kwenye boksi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mpira wa hita umetengenezwa kwa EPDM, nyenzo inayostahimili maji ya moto lakini huvimba ikikutana na oili. Mpira wa silikoni wenye rangi nzuri hupitisha oili polepole na kuanza kutoka jasho kwa nje, isipokuwa ule wenye utando wa fluorosilikoni ndani. Unaofaa ni wa nitrili kwa sehemu zisizo na joto kali, au wa FKM, unaovumilia oili na joto kali, karibu na tabo. Mpira ulioandikwa SAE 30R7 umekusudiwa mafuta na gesi za krankikesi; chagua wenye ukuta mnene wa kutosha kutosinyaa. Hilo la kusinyaa si dogo: injini ikiwa sailensa, mfyonzo wa manifoldi hufika kilopaskali 60 hadi 70, na mpira mwembamba uliopata joto hujikunja ukafunga njia kabisa.

Vipimo vya midomo pia hupunguza thamani ya tungi la jumla. Kuna yanayokuja na midomo ya milimita 9 au 10, ilhali njia ya asili ya kupumua kwenye injini nyingi za tabo ni milimita 15 hadi 19. Kutoka 19 kwenda 10 ni kupoteza zaidi ya theluthi mbili ya eneo la kupita. Usipunguze kamwe njia ya asili.

Injini ya tabo ina njia mbili

Malalamiko ya kwamba tungi liko kavu baada ya kilomita elfu kadhaa mara nyingi hutokana na kulifunga upande mmoja tu. Gari likiwa sailensa au likisafiri taratibu, manifoldi hufyonza na gesi hupita kwenye valvu ya PCV. Tabo ikianza kusukuma, manifoldi ina shinikizo, PCV hufunga, na gesi yote, ambayo sasa ni nyingi kuliko wakati mwingine wowote, hutokea kwenye tapeti kava kwenda bomba la hewa lililo kabla ya tabo. Tungi lililofungwa upande wa PCV peke yake hulala usingizi wakati huo huo linapohitajika.

Seti nzuri hushughulikia njia zote mbili, ama kwa matungi mawili au kwa tungi moja lenye milango mitatu na valvu za njia moja. Upande wa manifoldi lazima uwe na valvu ya njia moja yenye ubora, kwa sababu PCV iliyochoka huvujisha shinikizo la tabo hadi kwenye tungi na krankikesi. Ijaribu kwa mdomo kabla ya kuifunga: upande mmoja ipite, upande wa pili isipite hata kidogo. Halafu ijaribu tena baada ya kuichovya kwenye oili ya moto, maana kuna zenye sili ya mpira usiofaa zinazoganda zikiwa wazi.

Kutoka karatasi ngumu hadi alumini

Mbunifu anayeanza na mchoro wa kompyuta kabla ya kugusa gari hupoteza wiki. Karatasi ngumu ya boksi, mkasi na gundi huonyesha ndani ya saa moja kama mkono utafika kwenye boliti ya kumwagia. Baada ya hapo ndipo mchoro, kisha printa ya 3D.

Uchaguzi wa plastiki unategemea swali linaloulizwa. PLA huanza kulegea karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Inatosha kujaribu kama kitu kinaenea, injini ikiwa baridi, na hapo kazi yake inaisha. PETG hufika karibu 80, bado ni kidogo kwa chini ya boneti. ABS na ASA hukaribia 100 na zinavumilia majaribio mafupi ya bracketi. Nailoni ya PA12 iliyoyeyushwa kwa leza huvumilia joto na oili, na ndiyo pekee kati ya hizi inayofaa kubeba gesi kwa muda wa majaribio. Chapa ya kawaida ya nyuzi za plastiki huvuja katikati ya tabaka hata ikionekana imara, kwa hiyo tungi zima la kuchapishwa kwa njia hiyo halipaswi kuunganishwa na manifoldi. Fikiria nguvu iliyopo: kifuniko cha milimita 70 chini ya mfyonzo wa kilopaskali 65 hubanwa kwa newtoni 250 hivi, sawa na uzito wa kilo 25 ukikaa juu yake muda wote wa sailensa. Kikipasuka, vipande vinaelekea kwenye injini.

Njia ninayoipendekeza ni kuchanganya: ganda la alumini la tungi la jumla, na vitu vya ndani vikiwa vya kuchapishwa kwa nailoni au kukatwa kwa bamba. Mbunifu hubadilisha tumbo mara tano bila kukereza ganda jipya, na kila jaribio linalinganishwa kwenye ganda lile lile.

Nafasi kati ya tungi na boneti hupimwa kwa udongo wa mfinyanzi au ule wa watoto wa kuchezea. Bandika donge juu ya tungi, funga boneti taratibu, fungua, kata donge katikati na upime unene wake. Chini ya milimita 10 ni karibu mno. Tungi lifungwe kwenye bodi, lisifungwe kwenye injini, na mipira iwe na ulegevu wa kutosha, kwani injini hujinyonga kwenye mauntingi zake kila unapokanyaga. Bracketi iwe ya chuma cha milimita 2 au 3. Bracketi nyembamba ya alumini inayokuja na tungi la jumla hupata ufa kwenye kona ya mkunjo, kwa mtikisiko tu. Tundu la M6 litobolewe milimita 6.6 na la M8 milimita 9, na angalau tundu moja liwe refu, ili gari lililowahi kunyooshwa bodi nalo lipokee.

Maoni yenye uzito

Wapenzi wa injini hutoa maoni mengi, na mengi hayasaidii: gari limechangamka, sailensa imetulia, linaonekana safi. Seti iliyobuniwa vizuri hutambulika kwa maswali ambayo mbunifu aliwauliza waliojaribu. Ukitaka kujua kama ni ya kununua, uliza karatasi ya majaribio. Iwe na namba ya injini, kilomita ilizotembea, daraja la oili, joto la nje, aina ya safari, umbali wa jaribio, na uzito wa kilichonaswa kwa gramu.

Gramu, na iwe kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu 1. Picha ya oili kwenye kikombe haina kipimo, na sehemu kubwa ya kilichomo huenda ni maji. Jaribio la asubuhi za baridi na safari za dakika kumi hutoa uji mweupe kama mayonezi, na wengi hudhani gasketi ya silinda hedi imekwenda. Kabla ya kuogopa, angalia kama maji ya rejeta yanapungua na kama uji uko pia kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini). Ukiwa kwenye tungi tu, ni unyevu wa mwako uliogandia kwenye chuma baridi. Mizani ionyeshe uzito wa jumla, kisha kilichonaswa kiachwe kwenye chupa nyembamba siku mbili ili maji yatulie chini na oili ielee, ndipo visomwe kando.

Ila hata gramu za tungi peke yake hudanganya. Gramu 20 ni nyingi au chache? Haijulikani, mpaka ijulikane ngapi zimepita. Jaribio linaloaminika huweka tungi la pili, lenye kichungi kizito zaidi, kati ya tungi linalojaribiwa na manifoldi. La kwanza likiwa na gramu 18 na la pili gramu 6, la kwanza limenasa robo tatu ya kile ambacho yote mawili yaliweza kukamata. Ni kipimo chenye mipaka, kwa kuwa la pili nalo lina kinacholiponyoka, lakini ni bora mara nyingi kuliko picha. Mbunifu asiyekuwa na takwimu ya kilichopita hana takwimu.

Kipimo cha pili ni shinikizo la krankikesi. Mpira mwangavu wa ndani ya milimita 6, ukikunjwa umbo la U kwenye ubao na kujazwa nusu kwa maji yenye rangi, unatosha kwa gari lililosimama. Unganisha ncha moja na bomba la kijiti cha oili, ukipitishia kwenye chupa tupu ili maji yasifyonzwe kuingia kwenye injini. Tofauti ya milimita 100 ni karibu kilopaskali 1. Pima bila tungi, pima na tungi, kwenye sailensa na kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, ukiangalia tofauti kati ya vipimo hivyo. Kwa jaribio la barabarani lenye mzigo tumia kipimo cha umeme na mtu wa pili wa kukisoma. Tungi likiongeza shinikizo, wavu umebana mno au midomo ni midogo.

Jambo ambalo karakana ya mbunifu haiwezi kuliona yenyewe ni tofauti kati ya gari na gari. Modeli ile ile yenye usukani wa kulia hubeba silinda ya breki na shafti ya usukani upande ambao yenye usukani wa kushoto ina nafasi tupu. Moja ina boksi la breki za ABS pale ambapo nyingine ina uwazi. Mmiliki mmoja ameweka betri kubwa, mwingine upau wa kuunganisha shoki za mbele. Seti iliyojaribiwa kwenye gari moja la mbunifu inaenea kwenye gari la mbunifu. Watu kumi wenye magari tofauti, kila mmoja akituma picha yenye rula ndani yake, wana thamani kuliko mia wanaosema imekaa vizuri.

Makosa yanayosubiri chuma

Mfano wa plastiki ukikubalika, mengine hujitokeza kwenye alumini. Thredi ndiyo ya kwanza, kwa kuwa kuna viwango viwili vinavyofanana, BSP na NPT. BSP ya robo inchi ina meno 19 kwa inchi na pembe ya nyuzi 55. NPT ya robo inchi ina meno 18 na pembe ya nyuzi 60. Hushikana mizunguko miwili mitatu, fundi huamini zimekaa, kisha huvuja au kupasua mdomo. Bora mdomo unaozibwa kwa oringi badala ya kutegemea thredi. Kwa mpira mkubwa, kiungo cha saizi ya AN-10, chenye thredi ya 7/8-14, ni chaguo linalopatikana kwa wengi.

Ganda la alumini ya daraja la 6061 likichomelewa kwa TIG hupinda kidogo, hivyo uso wa oringi ukerezwe baada ya kuchomelea. Oringi yenye unene wa milimita 2.5 inataka mfereji wa kina cha milimita 1.9 hadi 2.0 ili ibanwe vya kutosha, na iwe ya FKM. Rangi ya anodaizi huongeza unene, kwa hiyo thredi zifunikwe au zikatwe upya kwa kifaa cha kukatia thredi. Vumbi la kukereza lioshwe kwa maji moto na sabuni, kila tundu lipulizwe, kwani chembe ya alumini iliyobaki ndani ya tungi ina safari moja tu. Jaribio la uvujaji ni hewa ya kilopaskali 50, tungi likiwa ndani ya maji, dakika moja bila kiputo. Shinikizo kamili la kompresa halitakiwi hapo, linaweza kurusha kifuniko.

Ununue lipi

Mwenye injini ya zamani isiyo na tabo, inayopulizia petroli nyuma ya valvu, na ringi zake nzima, anaweza kukaa bila tungi na asipoteze kitu. Abadilishe valvu ya PCV kwanza. Ikitikiswa bila kulia, au ikiwa imejaa masizi, hiyo ndiyo iliyokuwa inatupa oili.

Mwenye injini inayopulizia ndani ya silinda, au ya tabo, na ana mikono ya kazi, achukue tungi la jumla la mililita 500 au zaidi lenye kifuniko kinachofunguka kwa boliti. Lile lililochomelewa pande zote halifai hata likiwa la bure, kwa kuwa tumbo lake halirekebishiki. Abadilishe midomo, mipira na bracketi, aweke bomba, wavu na bamba la chini.

Asiye na muda anunue seti ya injini yake, baada ya kuona picha ya ndani. Muuzaji anayeonyesha nje tu ameshajibu swali. Na anayealikwa kujaribu mfano wa kwanza akubali ikiwa ganda ni la chuma, amepewa karatasi ya vipimo, na mfumo wake wa asili unaweza kurudishwa bila kukata mpira hata mmoja.

Baada ya kufunga, kagua klipu zote injini ikipoa mara ya kwanza, kisha fungua tungi kwenye kilomita 500. Kiasi utakachokikuta ndicho kitakachokupangia ratiba: chini ya mililita 20, subiri hadi kilomita 1500; zaidi ya mililita 60, mwaga kila kilomita 500 na upime kompresheni. Penye baridi ya kugandisha, mwaga kila wiki, kwani maji yakiganda kwenye mdomo wa kutoka hufunga pumzi ya injini nzima. Unachomwaga kina petroli na maji, kwa hiyo kisirudishwe kwenye injini, kiende kwenye dumu la oili chafu.